Muuguzi Asome na Mvua

Desemba 3, 2023, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi mjini Dubai ulitenga siku nzima kujadili afya, kwa mara ya kwanza. Siku hiyohiyo matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, mkoani Manyara, yakaua makumi ya watu. Wajumbe walikuwa Dubai. Majeruhi walikuwa mikononi mwa wauguzi.

Hata hivyo, sidai vyuo vya uuguzi viongeze somo jipya liitwalo tabianchi. Mtaala umejaa, na somo la pembeni husomwa usiku wa kuamkia mtihani, kisha likasahaulika. Ninachodai ni kwamba masomo yaliyopo yafundishwe pamoja na majira yake. Chukua homa ya Bonde la Ufa, iliyozuka Kenya baada ya mvua kubwa za El Niño za 1997, ikarudi mwishoni mwa 2006 na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Mayai ya mbu wanaoieneza hukaa ardhini hata miaka, yakingoja mafuriko. Kwa kawaida mifugo hutupa mimba kwa wingi kabla watu hawajaanza kuugua. Muuguzi anayelijua hilo, akipokea mfugaji mwenye homa baada ya mvua isiyo ya kawaida, atauliza habari za mbuzi wake mapema, wala hatakimbilia malaria peke yake. Vivyo hivyo kwa joto. Sindano ya oksitosini, inayozuia mama aliyejifungua asivuje damu, hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika siku za joto kali, dawa hupungua nguvu taratibu, na chupa haionyeshi lolote.

Wapo watakaosema wodi hazina hata glovu za kutosha, na kwamba moshi unaovuruga tabianchi si wetu. La pili ni kweli, na lidaiwe kwa wenye viwanda. Lakini mgonjwa hangoji fidia. La kwanza linanisukuma mbele zaidi, kwa kuwa penye vifaa haba swali zuri la muuguzi ndilo kipimo cha kwanza, tena halina gharama. Kikwazo hasa ni mtihani: mwanafunzi husoma kinachoulizwa. Baraza la mitihani likimpa mgonjwa wa kuhara, basi limwambie pia kwamba mto ulifurika wiki iliyopita na vyoo vya mtaa vimezama, kisha limuulize ataanza na nini.