NANI ANAKUMBUKA NYUMBANI?

Ndugu wafanya kazi,

Katika reli yuko mtu ambaye kazi yake ni kukumbuka. Hasukumi behewa wala hapigi nyundo. Ajua treni ipi iko wapi, ipi ingoje, ipi ipite. Akisahau, watu wafa. Kwa hiyo ana mshahara, ana zamu, na mwenzake akifika humkabidhi daftari akaenda kulala. Hakuna mwanachama asemaye kwamba mtu huyo hafanyi kazi.

Sasa twauliza: huko kwetu Meru na Embu, nani anakumbuka? Karo yatakiwa lini, dawa ya kahawa imebaki kiasi gani, mtoto achanjwe siku gani, mchango wa msiba, maji, kuni, ng'ombe. Yote yamo kichwani mwa mke. Hana zamu, wala hana wa kumkabidhi daftari.

Wengine wetu hujibu, "Mimi husaidia. Akiniambia, nafanya." Ndugu, mwenye kungoja kuambiwa ni kibarua, na mwenye kumwambia ni nyapara asiye na mshahara. Hatusemi kusaidia, twasema kugawana. Ukichukua mambo ya karo, yachukue yote: kujua tarehe, kutafuta fedha, kulipa, kuweka risiti.

Wengine hujificha nyuma ya mila. Mila gani? Wazee wetu walifyeka msitu, walijenga nyumba na maboma, walilima viazi vikuu, walitunza mifugo. Mwanamume alikuwa na fungu lake. Njia ya reli yaishia Nanyuki. Meru na Embu haikufika hata leo. Basi tulipoondoka kuufuata mshahara, fungu letu tuliliacha shambani, naye mke akalibeba pamoja na lake.

Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilieleza kwamba mishahara ya Waafrika katika Kenya ilikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na jamaa, ikashauri ipandishwe imtoshe mtu na jamaa yake. Maana yake ni kwamba jembe la mke lilikuwa likimlipia tajiri. Tulimlaumu tajiri, na ilikuwa haki. Je, sisi nasi tule jasho lile lile bila kulihesabu? Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 imekwisha kulihesabu: kazi za nyumbani, kusimamia nyumba, kulea watoto na kulima, yote ni mchango.

Tena, mwanamume akisomea mtihani wa kupanda cheo, nyumba nzima hunyamazishwa. Mke akitaka kumaliza masomo yake, kujifunza ushonaji, au kugombea kiti katika kamati ya ushirika wa kahawa, huulizwa, "Nani atapika?" Jibu ni fupi: sisi tutapika.

Basi, likizo ijayo kila mmoja wetu akae na mkewe na daftari. Yaandikwe mambo yote anayoyakumbuka peke yake, kisha yagawanywe. Halafu aulizwe yeye mwenyewe ataka kufika wapi, na iwekwe tarehe ya kuanza. Nasi wenye jamaa mjini tufanye vivyo hivyo.

Tukidai kazi ya saa nane kwa siku, tusiwe matajiri wabaya kwa wake zetu.

UMOJA NI NGUVU.