MTUHUMIWA WA WIZI SI MWIZI MPAKA ITHIBITI

 

Kila msimu wa korosho unapoingia katika wilaya zetu za Nachingwea na Ruangwa, pamoja na kheri zake huja na maneno ya wizi. Gunia limepungua ghalani, mikorosho ya fulani imeokotwa usiku, hesabu za chama cha msingi hazikutimia, na kabla ya jua kuchwa kijana wa watu amelazwa kituo cha polisi. Hapo Waislamu hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaomhukumu barazani siku ileile, wakamwita mwizi yeye na mama yake. Na wapo wanaohangaika kutafuta mtu wa "kulimaliza" jambo. Wachache mno huuliza swali lililopaswa kuulizwa mwanzo: ameshtakiwa kwa kosa gani hasa, na kosa hilo huthibiti vipi?

Hatumtetei mwizi. Aliyeiba anajijua, na wajibu wake ni kutubu na kuirudisha mali kwa mwenyewe. Tunayemzungumzia ni yule aliyetuhumiwa, na tuhuma si hukumu.

Wizi, kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, si kule kuchukua tu. Ni kuchukua kitu kinachoweza kuibiwa, kwa nia ya udanganyifu, na bila ya mchukuaji kuwa na dai la haki juu ya kitu hicho. Na sheria hiyohiyo inasema kuwa mtu hawi na hatia ya kosa la mali ikiwa alitenda kwa kudai haki yake kwa unyofu, pasina nia ya kudanganya. Tulizingatie hili vizuri: halazimiki kuwa ndiye mwenye haki mwisho wa mambo. Yatosha kuwa aliamini kwa dhati kwamba haki ni yake.

Jambo hili linatugusa sisi watu wa kusini zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Katika makabila yetu, Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mali ya marehemu mwanamume ilielekea kwa wapwa zake. Uislamu ukaja na mafungu yake, ukampa mtoto haki katika mali ya baba. Mila haikufa kwa kuwa dini imekuja, na vyote viwili vinaishi katika nyumba moja. Basi chukua mfano wa kijana ambaye baba yake amefariki na kuacha mikorosho hamsini. Mpwa wa marehemu anasema shamba ni la ukoo. Kijana anasema ni mirathi yake, anaingia na kuokota gunia tatu. Kesho yake anakamatwa kwa wizi. Je, huyu ni mwizi? Huenda katika mgawo wa mirathi ikadhihiri kuwa alichukua zaidi ya fungu lake, lakini hilo ni shauri la madai. Mwaka 1992, katika shauri la kuingia kwa jinai, Mahakama Kuu ilieleza kuwa shtaka la namna hiyo haliwezi kusimama ikiwa umiliki wa ardhi yenyewe ungali na mgogoro ambao mahakama ya madai haijaumaliza. Maana yake ni kuwa mahakama ya jinai si mahali pa kugawia mirathi, na anayempeleka ndugu yake polisi ili amtoe shambani anaitumia njia isiyokuwa yake.

Sasa tazama namna kijana huyu anavyojiangamiza kwa ulimi wake. Anasimamishwa mbele ya hakimu, anasomewa shtaka kwamba tarehe fulani aliiba korosho, anaulizwa kama ni kweli au si kweli. Naye, kwa kuwa amelelewa asiseme uongo, anajibu: "Ni kweli nilichukua." Ukweli amesema, lakini swali halikuwa kama alichukua. Swali lilikuwa kama aliiba. Hakimu akiandika kuwa amekiri, atatiwa hatiani bila shahidi hata mmoja kuitwa, na kwa kawaida aliyekiri hana rufaa juu ya kutiwa hatiani, ila juu ya adhabu tu. Jibu lake lilipaswa kuwa: "Si kweli. Nilichukua kilicho changu."

Mahakama yenyewe inaitambua hatari hii. Tangu mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zinaufuata hadi leo. Shtaka lisomwe katika lugha anayoielewa mshtakiwa, na kila kipengele cha kosa kifafanuliwe. Akikubali, asomewe maelezo ya tukio zima, kisha aulizwe tena. Akiongeza neno lolote linaloondoa kosa, kama vile "lakini shamba ni la baba", basi ichukuliwe kuwa amekanusha, na kesi isikilizwe kwa ushahidi. Na mzee ambaye Kimwera ndiyo lugha yake, na Kiswahili cha mahakamani kinampita, ana haki ya mkalimani. Asione haya kumwomba. Kuitikia "eeh" kwa adabu mbele ya mkubwa ni desturi yetu nzuri, lakini kizimbani adabu hiyo inaweza kumpeleka mtu gerezani.

Wanafunzi wa fiqhi hawatalistaajabia hili. Wanazuoni wetu hawakuwahi kuufanya wizi kuwa jambo la kukisia. Waliweka sharti la kiwango cha mali, sharti la mali kuwa mahali pa hifadhi, na sharti la kutokuwepo shubha. Wengi wao walisema kuwa anayechukua katika mali aliyo na fungu ndani yake hakatwi mkono, kwa sababu ya shubha ya umiliki. Sayyidna Umar (R.A.) aliisimamisha adhabu hiyo mwaka wa njaa. Na mzigo wa kuleta bayyina wakauweka juu ya mwenye kudai, kama vile sheria ya nchi inavyouweka juu ya Jamhuri, ambayo yapaswa kuthibitisha pasipo kuacha shaka yenye maana. Ajabu ni kwamba sisi tuliosoma haya ndio tunaomaliza kesi ya jirani kwenye kahawa.

Tena hatuishii kwenye kahawa. Wapo wanaokimbilia kusoma halbadiri ili mwizi adhurike, na wapo wanaokwenda kwa mpiga ramli awatajie jina. Tumekwisha kusema mara nyingi kuwa haya hayana asili katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.). Leo tunaongeza kuwa hayana thamani mahakamani vilevile. Jina lililotajwa na mganga si ushahidi, lakini limekwisha kuvunja nyumba nyingi, na pengine kuwachochea vijana kumpiga mtu hadi kufa. Huko ni kuua, na kila aliyeshiriki anaweza kujibu shtaka la mauaji.

Turudi kituoni. Aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa kosa lake, ya kuwasiliana na ndugu au wakili, na ya kunyamaza. Polisi wana saa nne za msingi za kumhoji, muda ambao waweza kuongezwa kwa utaratibu wa sheria, na kwa kawaida yapasa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Maelezo ya onyo anayoandikiwa ayasome, au asomewe, kabla ya kutia dole gumba, na lisilo lake alikatae palepale. Ungamo lililopatikana kwa kipigo au kwa ahadi linaweza kupingwa lisipokelewe, lakini lazima lipingwe wakati linapotaka kutolewa, si baada ya hukumu. Wizi wa kawaida una dhamana, na dhamana hailipiwi. Anayedai fedha ya dhamana mfukoni mwake anadai rushwa, na anayempa anashiriki.

Ushahidi nao una mizani yake. Mara nyingi kesi husimama juu ya jambo moja: amekutwa na mali. Mahakama ya Rufani imefafanua mara kadhaa kuwa ili hilo litoshe, mali lazima ikutwe kweli kwa mshtakiwa, ithibitike pasi na shaka kuwa ni ya mlalamikaji, iwe imeibwa karibuni, na iwe ndiyo iliyotajwa katika shtaka. Hapo kwenye utambuzi ndipo kesi nyingi za korosho zinapaswa kuulizwa maswali. Korosho za Ruponda na korosho za Mnacho hazina nembo usoni. Mlalamikaji anayesema "hizi ni zangu" aulizwe: umezijuaje? Uliitaja alama ya gunia kabla hujaonyeshwa, au baada? Na aliyedai kumwona mtu usiku aulizwe juu ya mwanga, umbali na muda aliomtazama, kwa kuwa Mahakama ya Rufani katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980 ilionya kuwa utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, usiotegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Aliyekuwa mahali pengine siku hiyo asingoje siku ya kujitetea. Atoe taarifa mapema kabla kesi haijaanza kusikilizwa.

Makarani na makatibu wa vyama vya msingi vilivyo chini ya RUNALI, chama kikuu chetu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wanastahili neno lao. Upungufu wa kilo si wizi kwa nafsi yake. Korosho hukauka, na uzito wa mizani ya kijijini hautalingana daima na uzito wa ghala kuu. Lazima ionyeshwe kuwa fulani alichukua, tena kwa udanganyifu. Lakini karani asiyetunza stakabadhi amejivua ngao yake mwenyewe, na anayepunja mkulima kwenye mizani anajua Qur'ani imesema nini juu yake.

Tena isomwe hati ya mashtaka kwa makini, jina la kosa ni jambo zito. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, na adhabu yake haipungui miaka 30. Panga ni chombo cha kila mkulima huku. Kuwa nalo mkononi peke yake hakuugeuzi wizi kuwa unyang'anyi. Ni lazima nguvu itumike, au mtu atishwe.

Juu ya mtetezi: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na ikamwezesha asiye na uwezo kupata msaada bila malipo. Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani badala ya wakili, ila ataeleza, ataelekeza, na atasaidia kuandika. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa katika Mahakama ya Mwanzo; mabadiliko ya mwaka 2021 yaliwafungulia mlango pale anapoketi hakimu mkazi. Misikiti yetu inayochangia mazishi kwa haraka inaweza pia kuchangia nauli ya kumfuata wakili Lindi au Mtwara. Na asiwepo anayekubali makubaliano ya kukiri kosa, ambayo sheria imeyaruhusu tangu mwaka 2019, bila kwanza kushauriana na mjuzi.

Akihukumiwa, siku zinahesabika. Kutoka Mahakama ya Mwanzo, rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na hati ya rufaa ndani ya siku 45. Aliye gerezani huikabidhi kwa mkuu wa gereza, naye ana wajibu wa kuifikisha. Ndugu waliobaki nje wafuatilie nakala ya hukumu tangu wiki ya kwanza.