Kiti cha Mwisho Ndicho cha Kuangaliwa Kwanza

Katika yadi za magari yaliyotumika, muuzaji anapofungua mlango wa nyuma wa gari la safu tatu za viti huwa na maneno yake: "Na hizi za huku nyuma ni siti za watoto." Huyasema kwa haraka, kisha humrudisha mnunuzi mbele akaone redio, kamera ya kurudi nyuma na ngozi ya usukani. Nimesimama katika yadi hizo mara mbili maishani mwangu. Mara ya kwanza niliyaamini maneno hayo. Mara ya pili sikuyaamini, na ningependa kueleza kwa nini.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimefanya kazi katika idara ya dharura. Nyumbani tuko saba: mume wangu na mimi, watoto watatu, mama mkwe wangu ambaye magoti yake yamechakaa, na binti wa shemeji yangu anayesoma akiwa kwetu. Ni familia ya kawaida kabisa hapa Tanzania, na ndiyo sababu magari kama Toyota Noah, Wish, Ipsum, Sienta na Alphard yamejaa katika barabara zetu. Gari la watu 5 halitutoshi. Sisemi kwamba safu ya tatu ni anasa, wala kwamba ni hatari kwa asili yake. Ninachosema ni kwamba tunainunua bila kuitazama, kisha tunawaketisha humo wale wasioweza kujisemea.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa safarini kuelekea Moshi, mwezi Desemba, kama wafanyavyo maelfu ya familia za Dar es Salaam. Binti yetu wa kati, aliyekuwa na umri wa miaka 6, aliketi katikati ya safu ya tatu. Mkanda uliokuwapo pale ulikuwa wa kiunoni tu, usio na sehemu ya kupita begani. Nilimfunga kwa mikono yangu mwenyewe, nikauvuta ukakaza, nikajiona mama mwangalifu. Tulipokwisha kuipita Chalinze, lori lililokuwa mbele yetu lilisimama ghafla. Mume wangu alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, lakini tukaligonga. Si kwa kasi kubwa, taa na boneti ndivyo vilivyoharibika. Watu wazima tulishuka salama. Binti yetu naye alishuka akitembea, akasema tumbo linamuuma kidogo. Nilipoinua blauzi yake niliona mchirizi mwekundu umevuka tumbo kutoka ubavu hadi ubavu, juu kidogo ya kitovu.

Wenzangu wa fani wanaosoma haya wanajua kwa nini miguu iliniishia nguvu. Kwa wasomaji wengine nieleze. Mkanda wa kiunoni umekusudiwa kushika mifupa ya nyonga, ambayo kwa mtu mzima ni imara na ina kingo za kuuzuia mkanda usipande. Nyonga ya mtoto mdogo bado haijajengeka hivyo. Zaidi ya hayo, mtoto asiyefikisha magoti kwenye ukingo wa kiti hujivuta mbele ili akunje miguu, na mkanda hapo huteleza ukakaa juu ya tumbo laini. Gari linaposimama ghafla, mwili wake hujikunja juu ya mkanda huo. Utumbo hubanwa kati ya mkanda na uti wa mgongo, na pingili za kiuno huvutwa hadi kupasuka. Namna hiyo ya kuvunjika kwa pingili ilielezwa na mtaalamu wa eksirei wa Uingereza, George Quentin Chance, mwaka 1948, wakati ambapo mikanda ilikuwa bado haijaenea katika magari ya abiria. Baadaye ndipo madaktari walipoiona tena na tena kwa watu waliofungwa mkanda wa kiunoni peke yake. Jeraha la utumbo lina hila yake: tumbo laweza kuwa laini katika saa za mwanzo, mgonjwa akaongea na hata kuomba chakula, kisha dalili zikajitokeza kesho yake. Binti yetu alilazwa siku mbili akichunguzwa. Utumbo ulikuwa mzima. Tulikuwa na bahati, wala sioni neno jingine la kuliita jambo hilo.

Hapa naomba niwaambie jambo wauguzi na madaktari wenzangu kabla sijarudi kwenye yadi ya magari. Tunapompokea majeruhi wa ajali mara nyingi tunaandika neno moja tu, "abiria", tukaendelea. Neno hilo halitoshi. Tuulize aliketi safu ya ngapi, dirishani au katikati, na alifungwa mkanda wa namna gani. Mtoto mwenye alama ya mkanda tumboni asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa sababu tu anacheka. Achunguzwe tumbo kwa kurudiarudia, na mgongo wake utazamwe. Swali la kiti aliloulizwa mama yake ndilo litakalotuelekeza kwenye jeraha ambalo macho bado hayajaliona.

Mkanda wenye kushika bega na kiuno kwa pamoja, ule tunaouona leo kama jambo la kawaida, uliletwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Hata hivyo, magari mengi ya Kijapani yaliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo ndiyo mifuko yetu wengi inayamudu, yana mkanda kamili kwenye viti vya pembeni na ule wa kiunoni kwenye kiti cha katikati. Gari linauzwa kuwa ni la watu 8, na kwa karatasi ni kweli. Kwa mizani ya hospitali, gari hilo lina viti 6 vyenye kinga kamili na viwili vyenye nusu ya kinga. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe gari linabeba wangapi. Aanze na mikanda mizuri mingapi iliyomo, kisha ahesabu watu wa nyumbani kwake.

Najua jibu litakalokuja: mtoto atapakatwa. Kupakata ni neno zuri katika lugha yetu, limejaa huruma, na kondakta wa daladala hulitumia kila siku: "Mama, mpakate mtoto." Lakini ndani ya gari neno hilo linatudanganya. Gari likigonga kitu kisichosogea kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, nishati ya mwili ulio ndani yake ni sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa takriban mita 10. Mtoto wa kilo 10 kwa nukta hiyo huwa mzito kiasi ambacho hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia; na kama mama mwenyewe hakufungwa, mwili wake ndio utakaomkandamiza mtoto kwenye kiti cha mbele. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Nimeyataja haya kwa sababu familia inayohangaika kupata chanjo zote za mtoto, na inafanya vema, ndiyo hiyohiyo inayompakata njiani wakati wa kwenda kliniki.

Tuliporudi yadi mara ya pili, basi, nilianza nyuma. Muuzaji alishangaa. Niliketi mwenyewe kwenye safu ya tatu nikafunga mlango. Niliivuta mikanda yote hadi mwisho na kuiachia nione kama inarudi. Katika gari moja miwili ilikuwa imekwama na mmoja ulikuwa umekatwa buko lake, bila shaka kwa sababu gari lilikuwa likibebeshwa mizigo. Niliinua viegemeo vya kichwa. Watu wengi huviacha vimezama ili kiti kikunjike vizuri, ilhali kiegemeo kisichofika usawa wa masikio hakiilindi shingo pale gari linapogongwa kwa nyuma. Kisha niligeuka nikapima kwa shubiri umbali kutoka kisogoni mwangu hadi kioo cha mlango wa nyuma. Katika gari dogo la safu tatu umbali huo ni wa kutisha. Sienta ya mwanzo, kwa mfano, ina safu ya tatu inayojikunja na kuingia chini ya safu ya pili. Ni ubunifu wa kupendeza, lakini kiti kinachoweza kufichwa hivyo hakiwezi kuwa kinene. Naliona ni gari la watu 5 lenye viti viwili vya safari fupi za mjini, na mtu akilinunua kwa nia hiyo sina ugomvi naye.

Uamuzi mkubwa ulikuwa wa nani akae wapi. Desturi yetu ni kwamba wakubwa hukaa mbele na katikati, watoto husukumwa nyuma. Mimi nashauri kinyume chake. Mtoto anayehitaji kiti chake cha usalama akae safu ya pili, pembeni, penye mkanda kamili, ambapo mzazi anamfikia. Kiti hicho kiwe na lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, na kama ni cha mtumba, mnunuzi awe na hakika kwamba hakijawahi kuwa ndani ya ajali. Mtoto aliyekua zaidi bado anahitaji kiti cha kumwinua mpaka afikie urefu wa takriban sentimita 145, ndipo mkanda wa mtu mzima utakapopita begani mwake badala ya shingoni. Watakaokwenda nyuma ni vijana na watu wazima wasio warefu. Kwetu ni binti wa shemeji na mimi. Ndiyo, muuguzi wa makamo hukunja magoti yake safu ya tatu kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, na wakwe zangu hunicheka.

Mama mkwe naye alikuwa na mahitaji yake, na hapa ndipo magari yanapotofautiana kwelikweli. Gari la chini kama Wish humlazimu mzee kujidondosha kitini na kujivuta kutoka. Prado humtaka apande kama anayepanda ngazi. Mtu aliyebadilishiwa nyonga karibuni huagizwa asiikunje kupita pembe mraba, kwa hiyo kiti cha chini kabisa hakimfai. Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi anahitaji mlango mpana na mahali pa kushika. Kwa watu hawa, gari lenye mlango wa kusukuma pembeni na sakafu isiyo juu, kama Noah, lina faida ambayo hakuna tangazo linaloitaja: kiti kiko karibu na usawa wa makalio ya mtu aliyesimama, akageuka, akakaa, kisha akaingiza miguu. Tulimpeleka mama yadi akajaribu mwenyewe magari matatu. Alikataa mawili bila kueleza. Nadhani huo ulikuwa uchunguzi bora kuliko wangu wote.

Sitasema mengi juu ya matairi, ila mnunuzi asome tarakimu nne za mwisho zilizopigwa ubavuni mwa tairi baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari likijaa watu saba, tairi kuukuu lililoonekana zima mjini hupasuka kwenye joto la barabara kuu. Na mzigo ni shauri jingine. Safu ya tatu ikiwa na watu, nyuma yake hubaki nafasi ya begi moja au mawili. Ndizi, gunia la mahindi na madumu vikipangwa hadi darini nyuma ya vichwa vya abiria, breki moja ya ghafla huvigeuza kuwa mawe ya kombeo. Vikipandishwa vyote kwenye keria, gari hupoteza utulivu wake kwenye kona. Sisi sasa mizigo mizito huitanguliza kwa basi siku moja kabla.

Gari tulilolichagua hatimaye lilikuwa la zamani kwa miaka miwili kuliko lile mume wangu alilolitaka, halina rimu za kupendeza, na redio yake huzungumza Kijapani. Lina mikanda kamili saba. Fedha iliyobaki tulinunulia viti viwili vya watoto. Desemba iliyofuata, asubuhi ya safari, shemeji alileta mtoto wa jirani yake, kijana mwembamba wa darasa la nne, akaomba tumbane katikati ya safu ya nyuma kwa kuwa wao pia wanakwenda Himo na basi limejaa. Nafasi ilikuwapo. Mkanda wa bega haukuwapo. Mume wangu alimtazama shemeji, akanitazama mimi, akaenda kituoni kumtafutia kijana tiketi ya basi la mchana, na sisi tukachelewa kuondoka kwa saa moja na nusu.