Watu hawajahesabiwa tangu 1984. Samaki nani atawahesabu?



Tulipoanza kusema kwamba samaki wa Lualaba na wa Luama wahesabiwe, jibu la kwanza tulilopata lilikuwa kicheko. Tukaulizwa: leta haijahesabu watu tangu 1984, nyinyi munataka ihesabu samaki? Sisi wenyewe tulicheka, juu ni ukweli. Congo ilifanya hesabu ya watu ya kisayansi mara moja tu, mwaka 1984. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, na wazazi wetu walikuwa bado watoto.

Lakini tulipofika nyumbani kicheko kiliisha. Ile haikuwa jibu. Mtu akikuambia kwamba hajafua shati, haiko sababu ya kuacha kufua suruali. Kutohesabu watu na kutohesabu samaki ni ugonjwa mmoja. Kitu ambacho hakihesabiwi, kila mwenye nguvu anasema juu yake anachotaka, na mnyonge hana cha kumjibu.

Nenda sokoni leo. Mama anayeuza atakuambia samaki wamekuwa wadogo na fungu limepanda bei. Mvuvi anasema nyavu inarudi nyepesi. Mkubwa anasema mto ni mkubwa, samaki hawawezi kuisha. Mchimbaji wa dhahabu anasema tope la mto linapita tu. Mtu wa ONG anasema makosa yote ni ya wanaovua na mustikere. Kila mmoja ako na mdomo. Hakuna aliye na daftari.

Nyangwe ilishatufundisha

Munajua Nyangwe, haiko mbali na sisi. Livingstone alifika pale mwaka 1871. Aliangalia Lualaba na akawaza kwamba ni Nile. Alikuwa mtu mwenye jina kubwa, na wengi Ulaya walimwamini. Mwaka 1874 akafika Cameron, Nyangwe ileile. Yeye alipima. Akaona kwamba Lualaba ya Nyangwe iko chini kuliko Nile ya Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Tena maji yalikuwa mengi kupita ya Nile. Basi, Lualaba haiwezi kuwa Nile. Stanley aliondoka Nyangwe mwaka 1876, akafuata mto mpaka akatokea karibu na bahari mwaka 1877.

Hatuandiki hii kusifu wazungu. Wale walikuja na mambo yao, na wazee wetu walilipa bei. Lakini tuone kitu kimoja: ubishi mkubwa juu ya mto wetu haukumalizwa na jina la mtu, ulimalizwa na kipimo. Na kipimo kile kilichukuliwa hapa. Leo, miaka 150 na zaidi kisha, juu ya samaki wa mto uleule tuko bado kwa hatua ya Livingstone: tunawaza, tunaamini, tunabishana.

Iko kazi yenye jina

Kuna watu duniani wanaoamka asubuhi na kazi yao ni hii: kuhesabu viumbe vya maji, mwaka kwa mwaka, na kutafuta kwa hesabu nini kinabadilika. Siyo kuogelea na kupiga picha tu. Sehemu kubwa ni statistiki: meza za namba, kompyuta, makosa ya kusahihisha.

Haiko kazi ya Ulaya peke yake. Baada ya joto la bahari kuua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi mwaka 1998, kulianzishwa CORDIO kusudi wafuate miamba ile kwa hesabu. Miaka ikapita, wanahesabu tu. Mwaka 2021 watafiti walioongozwa na David Obura wa Mombasa wakatoa jibu: miamba ya matumbawe ya magharibi ya Bahari ya Hindi, katika kanda zake zote 11, iko katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Hakuna mkubwa aliyeweza kusema wanabuni. Mwaka 2023 Obura akachaguliwa kuongoza IPBES, jopo ambalo serikali za dunia zinalisikiliza juu ya biodiversite. Mwafrika anayesema Kiswahili, na daftari lake.

Mutasema: Maniema haina bahari. Ndiyo. Lakini maji yanayopita hapa kwetu yanateremka Kindu, Kisangani, Mbandaka, Kinshasa, mpaka Muanda, kwenye bahari yenyewe. Tena hesabu ya samaki wa bahari na ya samaki wa mto ni hesabu moja. Inayobadilika ni chumvi.

Ndagala ya Tanganyika inatuonya

Wengi tunakula ndagala inayotoka Ziwa Tanganyika, upande wa Baraka ao wa Kalemie. Kwa miaka mingi watu walisema ndagala inapungua juu ya wavuvi tu: ni wengi mno, ni wakaidi mno. Mwaka 2003 watafiti wakaonyesha kwamba ziwa lenyewe limepata joto. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na chakula kilichoko chini hakipandi. Walikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa umeshuka karibu asilimia 20, na kwamba mavuno ya samaki yanaweza kuwa yameshuka karibu asilimia 30. Mwaka 2016 wengine wakachimba tope la chini ya ziwa, wakahesabu mabaki ya samaki wa zamani, wakaona kupungua kulianza hata mbele ya uvuvi mkubwa wa biashara wa karne ya 20.

Muelewe vizuri. Haina maana wavuvi hawana makosa. Maana yake: bila hesabu, mzigo wote ungebaki kwenye shingo ya mvuvi, na joto ambalo yeye hakuleta lingepita bure. Mwaka 2024 nchi za ziwa zilikubaliana kufunga uvuvi miezi 3, kuanzia tarehe 15 mwezi wa 5. Familia nyingi ziliumia. Lakini angalau kule kulikuwa namba za kubishana nazo. Siku watakapoamua kufunga Lualaba ao Luama, sisi tutabishana na nini?

Hesabu yenyewe inakwenda vipi

Haiko uchawi. Chukua mfano. Mwaka wa kwanza mitumbwi 10 inaleta vikapu 20. Kisha miaka mitano, mitumbwi 40 inaleta vikapu 40. Sokoni watu watafurahi: samaki wameongezeka mara mbili! Lakini kila mtumbwi ulikuwa unapata vikapu 2, sasa unapata 1. Ndiyo sababu daftari haliandiki samaki tu. Linaandika pia mitumbwi mingapi, saa ngapi ndani ya maji, nyavu ya macho gani.

Na usihesabu jumla tu, andika aina. Mwaka 2014 Maria Dornelas na wenzake walitoa kazi katika gazeti la Science. Walikusanya hesabu 100 za miaka mingi, za bahari na za nchi kavu. Kwa wastani, idadi ya aina katika mahali pamoja haikuwa inashuka sana. Lakini aina zenyewe zilikuwa zinabadilishana: wale wa zamani wanatoka, wengine wanaingia. Hapa kwetu inaweza kuwa vilevile: kikapu kinajaa, lakini mbenga hayuko, kambale mkubwa hayuko, waliojaa ni wadogo. Anayehesabu jumla ataandika: hakuna tatizo.

Na sheria ya tatu, ile tunaipenda kupita zote: kijiji ambacho haukufika siyo sifuri. Kuna sehemu za Kabambare ambazo, juu ya watu wenye silaha, mwenye daftari hawezi kufika kila mwezi. Sawa. Lakini asiandike 0. Aandike: hatukufika. Mara ngapi sisi watu wa huku tumeandikwa 0 katika meza ya Kinshasa, na ukweli ni kwamba hakuna aliyefika?

Majibu kwa wanaotucheka

Wanasema: watu wanakufa, nyinyi munafikiri samaki. Tunajibu: samaki ni nyama ya maskini. Kilo ya nyama ya ngombe ni siku ngapi za kazi ya mama? Mto ukikauka samaki, mtoto wa Kasongo hatakula hotuba.

Wanasema: munataka kufukuza wachimbaji. Hapana. Wachimbaji ni kaka zetu, na wengi wako na diplome sawa na sisi. Lakini tope la kuosha dhahabu linaingia mitoni, na zebaki inayotumiwa kukamata dhahabu, ikiingia majini, inapanda kutoka kwa samaki mdogo mpaka kwa mkubwa, mpaka kwa mama mwenye mimba anayemla. Mchimbaji mwenyewe anakula samaki yule. Yeye ndiye wa kwanza kuhitaji kipimo.

Na tujisemee ukweli sisi wenyewe. Namba zinaweza kutoa jibu ambalo hatulitaki. Zinaweza kusema kwamba mustikere za mama zetu zinaua vifaranga vya samaki. Zikisema hivyo, tutasimama na kusema vilevile kwa sauti. Ukitaka namba, uzitake zote, siyo zile zinazokupa haki tu.

Watu wako, pesa iko

Wanatuambia hakuna watu wa kufanya kazi hii. Jamani! Ndani ya harakati yetu peke yake tuko na wenye lisansi za biolojia, za mazingira, za uchumi, za statistiki. Wanaendesha moto, wanauza yuniti, wanaishi na Artikle 15. Memwari zao zinakula vumbi. Wengi wetu tumeshafanya enketeri ya ONG siku tano, telefone mkononi na Kobo ndani yake, kisha projekte ikaisha, namba zikaenda na ndege, hatukuona hata ukurasa mmoja wa jibu. Kazi tunaijua. Tunachokosa ni kazi inayobaki.

Kuanza hakuombi maabara: mizani, rula ya kupimia samaki, daftari, telefone, na programu ya R ambayo ni bure. Na mvuvi mzee wa kutufundisha majina ya samaki, naye alipwe, juu elimu yake ni elimu.

Pesa? Sheria ya madini iliyobadilishwa mwaka 2018 inagawa kodi ya madini hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 entite ya mahali madini yanapotoka, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kabambare iko na dhahabu, hiyo haihitaji mtafiti. Na artikle 53 ya Katiba ya 2006 inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, tena ana wajibu wa kuyalinda. Sisi tunaomba kufanya wajibu wetu.

Tunachodai

Moja: jimbo la Maniema liweke katika budje yake mstari wa kuhesabu samaki wa Lualaba na Luama, kila mwezi, mahali palepale, kwa miaka 10 bila kukata. Hesabu ya mwaka mmoja ni picha, haionyeshi mwendo.

Mbili: teritwari za Kasongo na Kabambare ziajiri vijana wenye diplome wa hapahapa, kwa shindano la wazi, siyo kwa jina la mjomba.

Tatu: kila entite inayopokea kodi ya madini iseme mbele ya watu imepokea ngapi, na itoe sehemu ya kupima maji na samaki.

Nne: namba zote zibandikwe sokoni na kwenye bandari, kwa Kiswahili, kusudi mvuvi azisome mbele ya mkubwa.

Tano: hakuna kumkamata mvuvi wala kumnyanganya nyavu kwa sababu ya "samaki wamepungua" mpaka mwenye kukamata aonyeshe daftari.

Na sisi hatutakaa kungojea. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wenzetu watakuwa kando ya maji asubuhi mapema, na mizani na daftari. Watahesabu mitumbwi inayorudi, watapima samaki, wataandika aina. Tutatangaza kila namba, hata ile mbaya. Mwenye elimu ya hesabu aje. Asiye nayo aje na macho, tutamfundisha.

Watakaofuata wasije kuuliza kama sisi: kulikuwa samaki gani hapa? Wafungue daftari, wasome.

Sisi vijana wa Kasongo na Kabambare