Wakala Hauzi Nafasi

Mwandishi mwenzangu anadai kwamba mtu wa Itebero, huku Walikale mashariki mwa Kongo, anayetaka kuhamia ng'ambo asipomlipa wakala wa uhamiaji atabaki palepale, kwa kuwa ofisi za wazungu hazisikilizi watu wa Walikale. Kwamba njia ni ngumu, nakubali. Dawa anayoitoa ndiyo sumu.

Wengi wa watu wetu wanaofika ng'ambo hupitia ukimbizini, kama vile Nakivale au Kyangwali huko Uganda. Huko shirika la wakimbizi la UNHCR ndilo linalochagua familia za kupendekezwa kwa nchi ya tatu, kwa kupima hatari na mahitaji yao, na halitozi hata shilingi. Sasa wakala anauza nini? Anauza nafasi asiyokuwa nayo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, hakuna wakala aliyeweza kuufungua mlango huo, hata kwa aliyeuza shamba na mbuzi wote wa nyumbani.

Msaada wa kulipia upo, sikatai. Aliyenyimwa viza, au mwenye mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, anamhitaji mwanasheria. Lakini nchini Kanada, kwa mfano, sheria inawaruhusu kulipwa wanasheria walioandikishwa, manotari wa Quebec, na washauri wa uhamiaji walio chini ya baraza lao lililoanza kazi Novemba 2021. Majina yao yanatafutwa bure kwenye intaneti. Ndugu yangu, mwombe wakala wako namba yake ya usajili kabla hujamkabidhi pasipoti. Akikasirika, ondoka na pesa zako.