Oili ya Gia Boksi Ibadilishwe Kabla ya Msimu



Maneno yamekuwa mengi juu ya pikapu ya Chama chetu, na ni kheri yaandikwe kuliko kuachwa barazani. Kamati imeulizwa kama fedha iliyowekwa kwa matengenezo itumiwe sasa kubadilishia oili ya gia boksi na filta yake, au ingojewe mpaka karafuu zishe kuchumwa. Wako wanaosema ingojewe. Wako pia, na ni watu wazima wenye magari yao wenyewe, wanaosema isiguswe kabisa, kwa kuwa waliambiwa na waliowauzia kwamba oili ya gia za otomatiki ni ya umri wote wa gari. Rai yangu ni kinyume cha hizo zote mbili, nami naomba ruhusa ya kuieleza, kwani gia boksi ikifa mlipaji si Kamati, ni sisi sote, na tutalipa kwa magunia.

Yafaa tujue kwanza oili ile inafanya kazi gani, maana wengi wetu tunaifikiria kama oili ya injini, nayo siyo. Katika gari ya gia za mkono dereva anakanyaga klachi kwa mguu. Katika otomatiki injini inazungusha chombo kilichofungwa kilichojaa oili, na ndani yake mna mapanga yaliyokabiliana: ya upande mmoja yanaisukuma oili, ya upande wa pili yanasukumwa nayo. Ni mfano wa feni mbili zilizoelekezwa uso kwa uso; ukiwasha moja, upepo wake unaigeuza ya pili. Kisha oili ile ile inapigwa pampu, inapita katika vijia vyembamba sana, na nguvu yake ndiyo inayobana sahani za klachi zilizomo ndani ili gia iingie. Oili ile ile tena inalainisha vyuma, na ile ile inachukua joto na kulipeleka kwenye rejeta likapoe. Kwa hivyo gari ikipanda kilima na mzigo, kinachoisukuma ni oili.

Tena oili hii inatakiwa mambo mawili yanayopingana. Iwe telezi ili vyuma visilike, na hapo hapo iziache sahani za klachi zishikane barabara. Kwa ajili hiyo hutiwa dawa maalumu. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 kule Marekani dawa mojawapo ilikuwa mafuta ya nyangumi, na sheria za kuwalinda wanyama zilipoyakataza, wataalamu walipata taabu kubwa kutafuta badala yake. Nalitaja hilo ili ionekane kwamba oili hii si mafuta mekundu tu. Ile dawa iliyomo inachakaa kwa kazi na kwa joto, hata kama oili yenyewe haikupungua tone moja.

Na joto ndilo adui. Wataalamu wana kanuni ya kukadiria, kwamba kila oili ikizidi nyuzi 10 za Sentigredi juu ya joto lake la kawaida, umri wake hupungua nusu. Sasa tuitazame kazi ya pikapu yetu. Kisiwa hiki ni vilima na mabonde kutoka Mkoani mpaka Konde. Barabara kubwa ni lami, lakini mashamba hayako juu ya lami. Gari inatoka bondeni na magunia, wachumaji wamekaa juu yake, mwendo ni wa polepole na tope liko magurudumuni. Injini ya dizeli ina nguvu nyingi katika mzunguko mdogo, na nguvu hiyo yote inapitia katika oili wakati mapanga yale hayajaenda sawa. Tofauti ya mwendo wao ndiyo inayogeuka joto. Mtu anayeendesha gari kama hiyo katika nchi tambarare, hana mzigo, ana haki ya kuwa na kitabu chake. Sisi tuusome ule ukurasa wa kazi ngumu.

Niliseme hilo la umri wote. Umri wa nani? Anayeuza gari mpya anahesabu miaka ya mwenyewe wa kwanza. Sisi aghalabu ni wenyewe wa pili au wa tatu. Iko kampuni ya Ujerumani iitwayo ZF, inayotengeneza gia boksi za otomatiki na kuwauzia watengenezaji wa magari. Hata pikapu ya dizeli ya Volkswagen iitwayo Amarok iliwahi kutiwa gia boksi yake ya gia nane. Wako watengenezaji wa magari wanaosema oili ya gia boksi hizo ni ya umri wote, ilhali ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe baina ya kilomita 80,000 na 120,000, au isizidi miaka minane. Baina ya aliyeitengeneza gia boksi na aliyeifunga katika gari, mimi namsadiki aliyeitengeneza. Na kwa kazi yetu, rai yangu ni kwamba tusingoje hata hizo 80,000. Kilomita 40,000 zinatosha, na kama hazikutimia, basi kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Hofu ya pili ina nguvu zaidi, kwa sababu kila mtu anaye jamaa yake wa kuitolea mfano. Husemwa kwamba fulani alibadilisha oili, na baada ya wiki mbili gia zikakataa kuingia. Sikatai kuwa yametokea. Lakini muulizeni fulani kwa nini aliamua kubadilisha siku ile. Mara nyingi mtaambiwa kwamba gari ilikwisha anza kuchelewa kushika gia, au inaguruma bila ya kwenda, ndipo mtu akamshauri ajaribu oili mpya. Klachi zilikwisha kuungua zamani. Ni kama mgonjwa aliyefichwa ndani kwa miezi, akapelekwa hospitali pumzi zikiwa za mwisho, kisha watu wakasema sindano ndiyo iliyomuua. Gari ambayo haijaonyesha dalili yoyote haina sababu ya kuogopa oili mpya.

Ila namna ya kubadilisha ina maneno. Ukifungua nati ya kumwagia, haitoki oili yote. Nyingi inabaki katika kile chombo cha mapanga na katika mabomba ya kwendea rejeta. Tuseme gia boksi inachukua lita 10 na zinatoka 4. Mara ya kwanza iliyobaki ya zamani ni sehemu 60 katika 100. Ukirudia baada ya kuendesha siku chache, inabaki 36. Ukirudia mara ya tatu, inabaki kama 22. Wako mafundi wenye mashine ya kuisukuma oili yote itoke kwa mkupuo mmoja, na kwa gari iliyotunzwa si vibaya. Lakini gari iliyokaa miaka mingi haikuguswa, mimi singeipeleka huko. Ningekwenda nayo kwa kumwaga na kutia, polepole, mara mbili au tatu. Pikapu ya Chama ni ya namna hii, kwani katika daftari lake hapana mstari hata mmoja wa oili ya gia tangu ilipofika.

Sasa filta, na hapa ndipo tunapoibiwa. Katika pikapu kubwa za Marekani kazi hii wameirahisisha. Chevrolet na GMC za dizeli zilizofungwa gia boksi ya Allison tangu mwaka 2001 zina filta ya nje, ya kufungua kwa kuizungusha kama ya injini, na fundi anachotakiwa kukumbuka ni kuitoa ile sumaku ya duara kwenye filta ya zamani na kuipachika katika mpya. Dodge Ram za injini ya Cummins za tangu mwaka 2007 zina filta mbili. Katika ile Amarok filta na sampu ni kitu kimoja cha plastiki, hununuliwa pamoja. Pikapu za Kijapani tulizo nazo hapa, kama vile Hilux, filta imo ndani, juu ya sampu, nayo ni ile bakuli ya chuma iliyofungwa chini ya gia boksi kwa nati nyingi ndogo. Haionekani mpaka sampu ishushwe. Fundi mvivu humwaga oili kwa nati ya chini, akatia mpya, akakuandikia na filta katika hesabu. Kwa hiyo mwenye gari asimame pale pale, na aikabidhiwe filta ya zamani mkononi.

Sampu ikishushwa, kuna sumaku chini yake, nazo ni khabari tosha. Zikiwa na uji wa kijivu, laini kama masizi, hayo ni machakavu ya kawaida; zifutwe zirudishwe. Zikiwa na vipande vinavyochoma kidole, gia boksi inakula vyuma vyake, na hapo ni kheri kujua kabla ya msimu kuliko katikati yake. Rangi ya oili peke yake isimhukumu mtu, kwani wekundu hupotea mapema hata kwa gari nzima. Harufu ya kuungua ndiyo ya kuogopwa. Na ikiwa oili imegeuka waridi kama sharubati ya maziwa, basi maji yameingia, ama kwa rejeta kutoboka ndani ama kwa gari kuvushwa penye maji mengi, na gari hiyo isiendeshwe tena mpaka kasoro ipatikane, kwa sababu maji huibandua ile gundi ya sahani za klachi.

Kazi ifanywe pasipo upepo wa vumbi, na sampu ipanguswe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, si kwa pamba. Silikoni isipakwe kama siagi juu ya gasketi, maana inayofurika ndani hukatika vipande na kuziba vijia. Nati zikazwe kwa kadiri. Mwili wa gia boksi ni aluminiamu, na mkono wa nguvu huvunja meno yake. Oili iliyotoka ipimwe, na inayotiwa iwe kadiri ile ile kwanza. Kisha kipimo cha mwisho. Hilux za dizeli za injini ya lita 2.4 na 2.8, zilizotoka tangu mwaka 2015, hazina kijiti cha kupimia. Hupimwa kwa kufungua nati ya kufurikia, injini ikiwa inanguruma, gari imelala sawa magurudumu yote manne, na oili iko katika joto lililotajwa katika kitabu. Anayeinua gari kwa jeki moja ya mbele akapima, hakupima kitu.

Juu ya oili ya kununua sina huruma. Nyekundu na nyekundu si ndugu. Hilux hizo zinataka ile yenye alama ya WS, ambayo ni nyepesi kuliko zilizotumika katika gari za zamani, na hizo za zamani nazo zina zake, mara nyingi zimeandikwa juu ya kijiti cha kupimia chenyewe. Oili ya pipa, inayopimwa kwa kibaba dukani bila ya jina, isitiwe katika gari ya Chama hata kama ni ya bure.

Na hao wanaosema tungoje msimu wishe, nawauliza swali moja. Karafuu mbichi ikichumwa leo na kuchambuliwa usiku, kesho inataka jua. Ikibaki bondeni ndani ya magunia siku mbili kwa kuwa gari imekataa kupanda, inafukuta, inapauka, na inashuka daraja. Khasara hiyo ataiandika nani katika hesabu za matengenezo? Gia boksi mpya, au hata iliyotumika, huwa inaletwa kwa meli. Oili na filta ni kazi ya asubuhi moja.

Kwa hivyo katika mkutano ujao nitaleta hoja, na naomba wenye rai nyingine waje nayo: kwamba oili na filta zinunuliwe sasa, katoni zikiwa na lakiri zake; kwamba wanachama wenye pikapu za aina moja wachange tununue pamoja, tupate bei ya jumla; na kwamba kiandikwe katika daftari la gari kila alichofanya fundi, na kilomita zake. Dereva wetu naye aelezwe kwamba akipanda polepole na mzigo aishushe gia kwa mkono badala ya kuiacha ipande na kushuka yenyewe, asiishike gari kilimani kwa kukanyaga moto badala ya breki, na akigeuza shambani asitie rivasi mpaka gari isimame kabisa.

Limebaki la oili chakavu. Wako watakaoiomba kwa kupakia nguzo zisiliwe na mchwa, na wapewe, maadamu nguzo hizo haziko karibu na kisima. Lakini isiwekwe ghalani, hata kwa usiku mmoja, wala mtungi wake usipakiwe pamoja na magunia, kwa sababu karafuu inavuta harufu, na mnunuzi ana pua.