Usimamizi wa tasnifu za uuguzi usiwe adhabu

Jirani yangu hapa Moi's Bridge ni muuguzi anayesomea shahada ya uzamivu. Akitoka zamu ya usiku hupanda matatu kwenda chuoni kumtafuta msimamizi wake, na mara nyingi hurejea mikono mitupu. Sura moja ya tasnifu yake ilikaa mezani miezi saba bila kusomwa. Ilipopata kusomwa, msimamizi wa kwanza alidai wahojiwa waongezwe. Wa pili akaamuru wapunguzwe. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Wako watakaosema kuwa kosa ni la wanafunzi wavivu. Sikubaliani nao. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za mwaka 2014 zilitaka kila mwanafunzi wa uzamivu awe na wasimamizi wasiopungua wawili, na msimamizi mmoja asiongoze zaidi ya watatu kwa mwaka. Nia yake ilikuwa njema. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilipotoa shahada za uzamivu 118 katika mahafali ya Juni 2019, wengi waliuliza wasimamizi walitoka wapi, na Tume ikaanzisha uchunguzi.

Hata hivyo, ndugu msomaji, kuhesabu vichwa si kusimamia. Katika uuguzi tatizo lina mizizi. Masomo ya shahada ya kwanza ya uuguzi yalianza kushika kasi katika vyuo vikuu vyetu miaka ya 1990, hivyo waliofikia uzamivu wangali wachache. Hao wachache ndio wanaofundisha, wanaoongoza idara na kusahihisha mitihani. Mwanafunzi naye huogopa kulalamika, kwa kuwa anayemlalamikia ndiye atakayetia sahihi tasnifu yake, na huenda kesho akawa mkubwa wake kazini.

Ajabu ni kwamba dawa imo katika taaluma yenyewe. Muuguzi haondoki wodini kabla ya kumkabidhi mgonjwa kwa mwenzake, akieleza kwa maandishi kilichofanyika na kilichosalia. Kwa nini mwanafunzi asitendewe vivyo hivyo? Kila kikao kiandikwe na kutiwa sahihi na pande zote. Muda wa kurudisha kazi uwekwe. Wasimamizi wapatane kabla ya kumwagiza mwanafunzi. Na anayeomba kubadilishiwa msimamizi asikilizwe bila kulipiziwa kisasi.

Sura ile iliyolala mezani miezi saba ilihusu akina mama wanaojifungulia nyumbani. Akina mama hao hawakungoja ipate kusomwa.